Ubora wa sampuli za tishu za binadamu kwa utafiti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka kwa wauguzi wa thieta, wateknolojia wa maabara, wanafunzi wa shahada za juu, na wagonjwa wanaoletewa fomu ya ridhaa asubuhi ya upasuaji. Majibu hayalingani urefu kwa sababu maswali hayalingani uzito. Mwenye haraka asome yale ya muda na ya formalini, dawa ya kuhifadhia tishu; humo ndimo sampuli nyingi zinakoharibikia.

Tishu zinazozungumziwa hapa ni zipi?

Kinyama chochote kilichotolewa mwilini: kipande cha biopsi (kinyama kidogo kilichochukuliwa ili kipimwe), uvimbe uliokatwa, kondo la nyuma baada ya kujifungua, au sehemu ya kiungo iliyochukuliwa baada ya kifo kwa idhini ya familia. Damu, mkojo na makohozi vina kanuni zake na hatutavigusa.

Mwanapatholojia, daktari anayechunguza tishu kwa hadubini, ameshatoa majibu ya mgonjwa. Kwa nini kinyama kikaguliwe tena?

Kwa sababu kipande alichokiangalia si hicho ulichonacho wewe. Uvimbe ukitoka thieta, sehemu moja inakwenda kwenye uchunguzi wa mgonjwa na nyingine, ikiwa ipo ya ziada, inakwenda kwenye utafiti. Vipande viwili vilivyotoka umbali wa sentimita moja tu vinaweza kutofautiana kabisa: kimoja kimejaa seli za saratani, kingine ni mafuta matupu na seli zilizokufa. Ripoti itaandika "saratani ya titi" na itakuwa kweli kwa mgonjwa, lakini kichupa chako hakina saratani ndani yake.

Wamarekani walikutana na jambo hili kwa kiwango kikubwa walipoanzisha mradi wa Atlasi ya Jenomu za Saratani, TCGA, mwaka 2006. Walianza kwa kudai kwamba angalau asilimia 80 ya viini vya seli kwenye kipande viwe vya saratani. Baadaye wakashusha hadi 60, huku seli zilizokufa zikitakiwa zisizidi asilimia 20. Hata baada ya kulegeza kamba, sampuli nyingi zilizoletwa na hospitali kubwa zenye vifaa vyote zilikataliwa mlangoni. Kwa hiyo sampuli yako ikikataliwa, usidhani ni fedheha ya hospitali ya wilaya peke yake.

Sampuli inaanza kuharibika lini?

Mapema kuliko watu wanavyodhani. Haianzi kuharibika inapofika maabara, wala inapotoka thieta. Inaanza pale daktari wa upasuaji anapofunga mshipa unaopeleka damu kwenye uvimbe. Toka hapo seli hazina oksijeni, ila bado ziko hai na bado ni za moto, na zinafanya kila jitihada za kujiokoa. Jeni za tahadhari kama FOS na JUN zinapanda. Protini zinazobeba alama za fosfeti (alama za kemikali zinazowasha au kuzima protini), ambazo watafiti wengi wa dawa za saratani wanazitafuta, zinabadilika ndani ya dakika. Kisha kinyama kinakatwa, kinawekwa kwenye bakuli, na saa ya pili inaanza: muda wa kukaa nje ya mwili kabla ya kugandishwa au kutiwa dawa.

Vitu havivumilii sawasawa. DNA, inayobeba vinasaba, ni ngumu, inastahimili saa kadhaa bila kulalamika sana. RNA, nakala ambazo seli hutoa kutoka kwenye DNA, ni laini, na ulaini wake unategemea kiungo: kongosho, lililojaa vimeng'enya vya kusaga chakula, hujimeng'enya lenyewe haraka. Zile alama za fosfeti ndizo dhaifu kuliko vyote. Ndiyo maana hatuna jibu moja kwa anayeuliza "dakika ngapi zinaruhusiwa?" Tunamuuliza kwanza anataka kupima nini.

Kwa saratani ya titi kipo kipimo kilichokubalika kimataifa. Vyama vya Marekani vya madaktari wa saratani na vya wanapatholojia vinataka kinyama kiingie kwenye formalini ndani ya saa 1 baada ya kutolewa, kikae humo si chini ya saa 6 wala zaidi ya saa 72. Kanuni hiyo iliwekwa kwa faida ya mgonjwa, kwa sababu vipokezi vya homoni vikishindwa kuonekana kwa uzembe wa kuhifadhi, mama anaweza kunyimwa dawa ambayo ingemfaa. Utafiti unanufaika nayo tu.

Sasa, nani anaandika muda? Hapa ndipo penye kazi. Zinatakiwa saa tatu: mshipa ulipofungwa, kinyama kilipotoka mwilini, kilipoingia kwenye dawa au kwenye baridi. Ya kwanza anaijua daktari na muuguzi wa ndani ya thieta peke yao. Tumeona fomu ambazo saa zote tatu zinaishia na sifuri au tano, kwa mwandiko mmoja na wino mmoja; hiyo ni fomu iliyojazwa jioni kwa kukisia. Afadhali nafasi iachwe wazi. Nafasi tupu inamwambia mtafiti kwamba hatujui, ilhali namba ya kubuni inamdanganya.

Formalini si ni formalini tu?

La. Formalini inayouzwa kwenye madumu ina formaldehidi ya asilimia 37 hadi 40. Inachanganywa sehemu moja kwa tisa za maji, ndiyo inaitwa formalini ya asilimia 10. Ikichanganywa na maji ya bomba bila chumvi za bafa (zinazozuia pH kubadilika), huwa inageuka asidi taratibu dumuni. Asidi hiyo ikikutana na damu iliyomo kwenye kinyama inatengeneza chembe za kahawia iliyokolea, karibu nyeusi, zinazofanana sana na zile za malaria. Zote mbili zinang'aa chini ya mwanga wa polaraizi. Kwa mtafiti wa Ulaya huo ni uchafu wa kuudhi. Kwa anayechunguza wengu au kondo la nyuma la mama kutoka Kilifi au Muheza, ni kosa linaloweza kugeuza matokeo yote. Pima pH ya dumu lako. Inapaswa kuwa karibu na 7.

Jambo la pili ni ujazo. Dawa iwe angalau mara kumi ya kinyama. Uvimbe mkubwa uliosokomezwa kwenye kichupa chenye mdomo mwembamba, dawa ikiwa imeloweka juu tu, hauhifadhiwi. Ukifika maabara hauwezi hata kutoka bila kuvunja chupa.

La tatu ni unene. Formalini inapenya kwa takriban milimita moja kwa saa mwanzoni, kisha inazidi kupunguza mwendo. Titi zima likitumbukizwa bila kukatwa, ngozi ya nje itakuwa imeiva na katikati kunaoza, hasa likisafiri kwa basi kutoka mkoani siku ya joto. Kata vipande vya milimita 3 hadi 5. Daktari akihofia kwamba kukata kutaharibu kingo za uvimbe, amwite mwanapatholojia au aziwekee kingo wino kwanza.

La nne linawahusu wanaosoma jeni. Formalini hubadili herufi za DNA: sitosini (C) inapoteza sehemu yake moja, na mashine inaisoma kana kwamba ni thaimini (T). Kadiri kinyama kinavyokaa zaidi kwenye dawa ndivyo mabadiliko haya ya uongo yanavyoongezeka. Mwanafunzi anayeleta orodha ndefu ya mabadiliko "mapya" ya jeni kutoka kwenye bloku za zamani (vinyama vilivyotiwa formalini kisha vikazamishwa kwenye nta ya parafini), karibu yote ya C kuwa T na kila moja likionekana kwenye nakala chache, asishangilie bado.

Kugandisha si bora kuliko formalini?

Kwa RNA, protini na kusoma jenomu nzima, ndiyo, ikiwa kumefanywa vizuri. Kufanya vizuri kunamaanisha kinyama kidogo, kisichozidi ukubwa wa punje ya mahindi, kigandishwe ghafla kwenye isopenteni iliyopozwa au moja kwa moja kwenye naitrojeni ya kimiminika, ambayo ina nyuzi −196. Kikigandishwa polepole, maji ya ndani ya seli yanafanya fuwele za barafu zinazotoboa kila kitu. Chini ya hadubini utaona matundu matupu, na hakuna mashine itakayorudisha kilichokuwepo.

Friza ya nyumbani ya nyuzi −20 haifai, na ile inayojiyeyusha barafu yenyewe ndiyo mbaya kupita zote, kwa sababu inapasha na kupoza kila siku bila kukuambia. Friza ya −80 inatosha kwa kazi nyingi za miaka kadhaa. Kwa muda mrefu zaidi ni tangi la naitrojeni, kwani chini ya nyuzi −135 hivi mwendo wa molekuli za maji unakaribia kusimama.

Pamoja na hayo tuna msimamo ambao baadhi ya wenzetu hawaupendi. Hospitali ambayo umeme wake si wa kutegemea na haina mtu wa kushika zamu ya friza iwekeze kwenye bloku nzuri za parafini. Bloku inakaa kabatini, haihitaji jenereta, na iliyotengenezwa vizuri inamshinda kwa mbali kinyama cha −80 kilichoyeyuka mara tatu bila mtu kuandika.

RIN ni nini, na namba ngapi inatosha?

Ni alama ya uzima wa RNA, kutoka 1 hadi 10, iliyoanza kutumika mwaka 2006. Mashine inatenganisha vipande vya RNA kwa ukubwa, inaangalia kama RNA mbili kubwa za ribosomu bado zimesimama wima kama milima miwili au zimemomonyoka, kisha inatoa namba. Kwa vinyama vilivyogandishwa wengi hudai 7 kwenda juu. Mradi wa GTEx wa Marekani, uliochunguza utendaji wa jeni kwenye tishu za watu waliofariki, ulikubali namba za karibu 6, kwa kuwa kudai zaidi kungemaanisha kukosa baadhi ya viungo kabisa.

Kwa bloku za parafini RIN haina maana. Karibu zote zitapata 2. Huko tunatumia DV200, yaani asilimia ya vipande vya RNA vyenye urefu unaozidi herufi 200. Ikishuka chini ya 30 wengi wanaacha.

Usichanganye haya na kipimo cha mwanga kinachotoa 1.8 kwa DNA na 2.0 kwa RNA. Hicho kinakuambia kama umesafisha vizuri, hakikuambii kama kilichomo ni kizima. RNA iliyosagika kabisa inaweza kukupa 2.0 safi.

Kwenye slaidi mnaangalia nini hasa?

Tunakata ukanda mwembamba juu ya kinyama, tunaupaka rangi za hematoksilini na eosini, kisha tunakata mwingine chini ya sehemu iliyochukuliwa kwa utafiti. Sehemu ya katikati tunaikadiria kwa kulinganisha juu na chini. Mwanapatholojia anaandika asilimia ya viini vya saratani, seli zilizokufa, mafuta, seli za kinga zilizovamia, na kama tishu imeanza kujiyeyusha.

Makadirio haya ni ya jicho, na macho hutofautiana. Wanapatholojia wawili wazuri wanaweza kutaja 50 na 70 kwenye slaidi moja. Ndiyo maana tunapenda slaidi zipigwe picha na zihifadhiwe pamoja na sampuli, ili mtafiti wa mwaka kesho aamue mwenyewe.

Mnajuaje sampuli ni ya mtu yuleyule aliyeandikwa?

Swali hili haliulizwi vya kutosha. Wino wa kalamu ya kawaida hufutika kwenye spiriti, na lebo ya karatasi hubanduka kwenye naitrojeni. Kwenye kaseti ya parafini tumia penseli, na kwenye vichupa lebo za kuhimili baridi zenye msimbopau. Kamwe usiandike kwenye kifuniko pekee, vifuniko hubadilishana.

Kisha kuna vipimo. Cha bei rahisi ni jinsia: sampuli iliyoandikwa ya mwanamume ikitoa XIST nyingi (jeni inayofanya kazi kwa wanawake) na haina jeni za kromosomu Y, mmebadilishiwa. Hakiwakamati waliobadilishana wakiwa wa jinsia moja. Hapo tunalinganisha alama za DNA za kinyama na za damu ya mgonjwa huyohuyo, mbinu ileile inayotumika mahakamani kwenye kesi za uzazi.

Umeme ukikatika usiku?

Usifungue friza. Friza ya −80 iliyojaa na kufungwa inashikilia baridi kwa saa kadhaa. Ikifunguliwa kila nusu saa "kuangalia hali" haifiki mbali. Barafu kavu ina nyuzi −78.5 na inasaidia kununua muda. Sampuli za mtu mmoja zigawanywe kwenye friza mbili, ikiwezekana kwenye majengo mawili.

Jenereta karibu kila mahali lipo. Tatizo ni mafuta, na nani anapigiwa simu saa nane usiku. King'ora kinacholia kwenye chumba kisicho na mtu ni kelele tu. Na tukio likitokea liandikwe: tarehe, joto lilifika ngapi, kwa muda gani, vichupa vipi vilikuwemo.

Nina bloku za miaka ya 1960 kwenye stoo. Nizitupe?

Tafadhali usizitupe kabla hujapiga simu. Mwaka 2008 wanasayansi walichapisha mabaki ya virusi vya UKIMWI waliyoyapata kwenye tezi ya mwanamke iliyochukuliwa Kinshasa mwaka 1960, wakati mji ukiitwa Léopoldville. Kinyama kilihifadhiwa kwa dawa ya Bouin, ambayo ina asidi na inakatakata vinasaba vibaya mno. Kwa kigezo chochote kilichotajwa juu kingefeli. Vipande vifupi vilivyobaki, vikilinganishwa na sampuli ya damu ya mji huohuo ya 1959, vilitosha kuonyesha kwamba virusi vya sampuli hizo mbili vilikuwa vimeshaachana kwa miongo kadhaa na kwamba vimekuwa kwa binadamu tangu mapema karne ya 20. Mwaka 2020 ikafuata jenomu karibu kamili kutoka kwenye kinyama cha Kinshasa cha 1966. Mwaka huohuo wengine wakasoma virusi vya surua kutoka kwenye pafu lililowekwa kwenye formalini Berlin mwaka 1912.

Kisa cha nyumbani zaidi ni cha Kampala. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji Mulago, alieleza mwaka 1958 uvimbe wa mataya ya watoto. Anthony Epstein wa London akawa anapelekewa vinyama hivyo kwa ndege, na kwa zaidi ya miaka miwili hakuona kitu. Desemba 1963 ndege ilizuiwa na ukungu ikatua Manchester, na mzigo ukafika London umechelewa, maji ya kichupa yamekuwa na mawingu kama yaliyoingiwa na bakteria. Mkaguzi makini angeitupa. Epstein aliweka tone chini ya hadubini akakuta seli za uvimbe zilizojitenga, hai, zinaelea. Zikaoteshwa, na mwaka 1964 yeye, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza virusi vinavyojulikana leo kama Epstein-Barr.

Hatusemi ucheleweshe mizigo. Tunasema sampuli haina ubora wa jumla. Ina ubora kwa swali fulani. Ile iliyofeli kwa RNA inaweza kufaa kwa DNA, na ile iliyofeli kwa vyote inaweza kufundishia wanafunzi kukata slaidi.

Kwenye kumbukumbu niandike nini?

Kwa uchache, mambo saba ya msimbo wa SPREC uliotolewa na jumuiya ya kimataifa ya benki za sampuli, ISBER: aina ya tishu, namna ilivyochukuliwa, muda wa kukosa damu ikiwa mwilini, muda ikiwa nje, dawa iliyotumika, muda ndani ya dawa, na hali ya uhifadhi. Msimbo ni mfupi, unaingia kwenye lebo. Ongeza historia ya kichupa: kila mara kichupa kilipotolewa na kuyeyushwa.

Mimi ni mgonjwa. Mkichukua kipande changu, majibu yangu hayatapungua?

Hapana, na ukiona dalili hiyo una haki ya kukataa. Uchunguzi wako unatangulia daima. Utafiti unapewa kilichozidi. Kinyama kikiwa kidogo, utafiti unakosa. Hakuna anayeruhusiwa kukata zaidi kwa ajili ya utafiti pasipo kukueleza na wewe kukubali kwa maandishi. Ukibadili mawazo baadaye, sema: kilichobaki kitaondolewa, ingawa matokeo yaliyokwisha kuchapishwa hayawezi kufutwa. Na usisaini ukiwa umeshachomwa dawa ya kukutuliza. Mwambie aliyekuletea fomu arudi kesho.

Sampuli zikipelekwa nje ya nchi?

Tanzania inataka kibali cha maadili kupitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na mkataba wa kuhamisha sampuli kabla ya kichupa kutoka. Ufungaji ni wa tabaka tatu chini ya UN3373, alama ya kimataifa ya usafirishaji wa sampuli za kibayolojia, na sanduku lenye barafu kavu liwe na tundu la kutoa hewa, la sivyo litapasuka. Kabla ya kupeleka mbali, uliza kama kazi hiyo haiwezi kufanyika karibu; Chuo Kikuu cha Makerere, kwa mfano, kina benki ya sampuli iliyojengwa chini ya H3Africa, mradi wa utafiti wa jenomu na afya barani Afrika.

Nikipewa sampuli na benki nyingine, nianze na kipi?

Omba slaidi na zile saa tatu zilizoandikwa kwenye fomu ya thieta kabla ya kuomba vichupa. Kisha chukua vichupa vichache ambavyo umevichagua wewe, si walivyovichagua wao, uvipime mwenyewe kwa mashine yako na ulinganishe na namba zao. Zikipishana sana, waandikie wakueleze kabla ya kugusa vingine. Na weka kidogo cha kila sampuli pembeni bila kutumia, kwa sababu mhakiki wa jarida atauliza jambo ambalo hukulipima.